SOMO: MAMBO MANNE YANAYOMZUIA MTU SAFARI

Msaada wa usafiri kwa wanyonge huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni suala la nauli peke yake. Ukweli ni kwamba mtu huzuiliwa safari na mambo manne, na kila moja lina dawa yake: nauli asiyoimudu, gari lisilofika kwao, ngazi ya gari asiyoweza kuipanda, na umbali uliopo baina ya nyumba yake na kituo. Katika somo hili tumechukua mfano wa Marekani, nchi iliyoyashughulikia mambo hayo kwa sheria, moja baada ya jengine. Mafanikio yake yanafundisha, na mapungufu yake pia yanafundisha.

Kwanza ni nauli. Sheria ya mwaka 1974 iliyataka mashirika ya usafiri wa mijini yanayopokea ruzuku ya Serikali Kuu yasiwatoze wazee na watu wenye ulemavu zaidi ya nusu ya nauli ya saa za msongamano, pale wanaposafiri nje ya saa hizo. Kwa watu wa kipato cha chini, mpango wa matibabu uitwao Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965, unawajibika kuhakikisha kuwa mgonjwa asiye na usafiri anafikishwa kwenye matibabu. Msingi wake ni kwamba tiba ya bure haimfai mtu asiyeweza kuifikia.

Pili ni gari lenyewe. Mwenye basi hapendi kwenda mashamba, kwani abiria ni wachache na nauli zao hazirejeshi gharama ya mafuta. Kwa sababu hiyo, mwaka 1978 ulianzishwa mfuko maalumu wa maeneo yaliyo nje ya miji yenye wakaazi 50,000 au zaidi. Kwa kawaida Serikali Kuu huchangia hadi asilimia 80 ya bei ya magari, na hadi asilimia 50 ya upungufu unaobakia katika uendeshaji baada ya kutoa mapato ya nauli. Sehemu iliyobaki hutafutwa na majimbo na wenyeji. Visiwa vya Guam, Samoa ya Marekani na Mariana ya Kaskazini navyo hupata fungu katika mfuko huo.

Tatu ni ngazi ya gari. Haki ya wazee na watu wenye ulemavu kutumia usafiri wa umma ilitamkwa katika sheria tangu mwaka 1970, lakini mabasi yenye ngazi ndefu yaliendelea kununuliwa. Mwezi wa Julai 1978, watu 19 wenye ulemavu waliyazuia mabasi katika njia panda ya mji wa Denver, wakakesha hapo hadi siku ya pili, wakidai mabasi yawekwe lifti za kupandishia viti vya magurudumu. Miaka 12 baadaye, tarehe 26 Julai 1990, Rais George H. W. Bush alitia saini sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Tangu hapo, kila basi jipya linaloagizwa kwa njia za kawaida za umma sharti limwezeshe mtu wa kiti cha magurudumu kupanda. Lifti ikiharibika, na gari jengine linalofaa likawa mbali kwa zaidi ya dakika 30, shirika linatakiwa kumtafutia abiria huyo usafiri mwengine bila ya kuchelewa.

Nne ni umbali. Mtu ambaye ulemavu wake unamzuia kutumia basi la kawaida ana haki ya kufuatwa na gari dogo, akiliagiza siku moja kabla. Huduma hiyo hutolewa katika siku na saa zile zile za basi, na nauli yake haizidi mara mbili ya nauli ya basi. Umri mkubwa peke yake hautoshi kumpa mtu haki hiyo.

Hapa ndipo ilipo kasoro kubwa. Haki ya gari dogo inafuata njia ya basi, yaani mwendo wa takriban kilomita 1.2 kila upande. Anayeishi mbali zaidi hutegemea huduma ya hiari ya wenyeji, kama ipo. Vile vile, njia ya basi ikifutwa kwa ajili ya kubana matumizi, haki ya waliokuwa pembezoni mwake inafutika pamoja nayo. Hivyo basi, uamuzi unaoonekana kuwa ni wa hesabu tu unaweza kumfungia mtu ndani ya nyumba yake.

Kwa msomaji wa visiwani, somo hili lina maana ya karibu. Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70 mwezi wa Aprili 2016. Fedha hizo zinaweza kusaidia nauli, lakini hazileti gari shamba, hazishushi ngazi ya daladala, wala hazifupishi njia ya kwenda kituoni. Kwa hiyo, pale panapopangwa msaada wa usafiri katika shehia, inafaa maswali manne yaulizwe kwa pamoja: Je, nauli anaimudu? Je, gari linafika? Je, anaweza kulipanda? Na je, kituoni atafikaje? Jibu likikosekana kwa swali moja, majibu ya yale matatu hayatomfikisha mtu hospitali.