Mahindi yenye ukungu hulemea ini

Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Sumu hiyo, inayotokana na ukungu, iliharibu maini yao.

Ini ni kiungo shupavu. Mtu akimtolea mgonjwa sehemu ya ini lake, lililobaki hukua na kukaribia ukubwa wa awali katika miezi michache. Seli zake zikiumizwa, huongeza protini za kukabili dhiki. Hizi hufanya kazi kama fundi anayenyoosha mabati yaliyopinda: hushika protini zilizopoteza umbo na kuzikunja upya, ili seli isife. Seli zilizosalimika hugawanyika na kujaza pengo. (Dalili za kwanza za mfumo huu zilionekana kwa inzi wa matunda waliopashwa joto, ripoti ikatolewa mwaka 1962.)

Sumu ikiwa nyingi, fundi huzidiwa. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huweza kuleta saratani ya ini.

Kwa hivyo mkulima wa Kieni anashauriwa kuanika mahindi juu ya turubai, si udongoni, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Mnunuzi sokoni Karatina ayakague. Yenye ukungu yasipikwe githeri, kwani kuchemsha hakuondoi sumu. Wala asipewe ng'ombe wa maziwa. Sumu hupita hadi kwenye maziwa. Anayeona macho yamegeuka manjano afike hospitalini mara moja.