SOMO LA UFUNDI NA HESABU: KUPASHA JOTO MAFUTA MAZITO KABLA YA KUYACHOMA



Somo letu la safari hii lahusu jambo ambalo bodi nyingi humwachia fundi wa boila peke yake, ingawa gharama yake husomwa mbele ya wanachama wote katika mkutano mkuu. Nalo ni kuyapasha joto mafuta mazito kabla hayajaingia katika tanuri la boila ya mvuke au ya maji ya moto.

Huenda msomaji wa Ruangwa akauliza, boila inatuhusu nini sisi wakulima wa korosho? Inatuhusu sana. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho za Tanzania imesafirishwa zikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam. Mji wa Nachingwea ulikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa viwanda vikubwa vya kubangua katika mpango wa serikali wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Lakini zao la nchi nzima, ambalo katika msimu wa 1973/74 lilifikia tani 145,000 hivi, lilishuka hata likawa chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na viwanda vingi vikakosa cha kubangua. Sasa zao limerudi, na katika mikutano hoja ya kubangua nyumbani husikika tena. Nayo kazi ya kubangua, kwa njia inayotumiwa sana siku hizi, huanza na mvuke: korosho ghafi hupikwa kwa mvuke, zikaachwa zipoe, ndipo ganda likatwe bila kuvunja kiini. Wabanguaji wadogo huchoma maganda yenyewe. Chama kinachofikiria mtambo mkubwa huweza kuletewa bei ya boila ya mafuta mazito, na hapo ndipo bodi inapopaswa kujua inatia sahihi juu ya nini.

Mafuta mazito ni yale yanayosalia chini baada ya mafuta ghafi kutolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli. Kwa kawaida lita yake ni rahisi kuliko lita ya dizeli, na yana joto jingi ndani yake: kilo moja hutoa kilojuli 40,000 hivi. Kasoro yake ni mnato, yaani ule ugumu wa kutiririka. Mwenye kujua asali ya Liwale atafahamu mara moja. Asali iliyokaa juani humiminika, na asali hiyo hiyo asubuhi ya Julai hung'ang'ania chupa. Mnato hupimwa kwa kipimo kiitwacho sentistoki. Maji ya kawaida yana sentistoki 1. Aina moja ya mafuta mazito inayojulikana sana ina sentistoki 180, lakini hiyo ni katika joto la nyuzi 50. Katika nyuzi 25, yaani joto la kawaida la chumba kwetu, mnato huo hupanda mara nne au tano. Kwa hiyo nambari ya mnato isiyotaja joto lake haina maana, na muuzaji anayeitaja nambari tupu aulizwe mara ya pili.

Kwa nini mnato uwe tatizo? Kwa sababu mafuta hayawaki yakiwa maji. Kinachowaka ni mvuke wa mafuta uliochanganyika na hewa. Kichomeo cha boila hufanya kazi ya kuyapasua mafuta kuwa matone madogo kama ukungu wa alfajiri, ili kila tone lipate hewa na kugeuka mvuke haraka. Tone moja likipasuliwa kuwa matone 1,000, eneo la kukutana na hewa huongezeka mara 10. Mafuta yenye mnato mkubwa hayakubali kupasuka hivyo. Hutoka katika tundu la kichomeo yakiwa matone makubwa, na mengine hupiga ukuta wa tanuri kabla ya kuungua. Hapo hujitokeza moshi mweusi katika bomba, makaa magumu mdomoni mwa kichomeo, na masizi juu ya mirija ya boila.

Masizi ndiyo mwizi mwenyewe. Huzuia joto lisipite kuingia katika maji, na joto hilo hutoka na moshi. Mafundi wa boila hukadiria kwamba joto la moshi likipanda nyuzi 20 hivi juu ya kawaida yake, asilimia moja ya mafuta imepotea. Sasa tufanye hesabu, maana si mara moja katika ukaguzi nimekuta kipasha joto kimezimwa kwa maelezo kwamba "tunabana matumizi". Lita 1,000 za mafuta mazito zina uzito wa kilo 960 hivi. Kupandisha joto la kilo moja kwa nyuzi moja huhitaji kilojuli 2. Kuyatoa mafuta hayo katika nyuzi 25 na kuyafikisha nyuzi 110 ni kilojuli 163,000 na kidogo. Joto hilo ni sawa na la lita nne na kitu za mafuta hayo hayo. Na kwa kuwa boila yenyewe haikosi kupoteza kidogo, tuseme lita tano hadi sita. Asilimia moja ya lita 1,000 ni lita 10. Basi aliyezima kipasha joto aokoe lita sita, akaacha masizi yapandishe joto la moshi kwa nyuzi 20 tu, amekwisha kukitia chama hasara, na bado hatujahesabu siku za kusimamisha kazi ili kusugua mirija.

Mafuta hupashwa joto mara mbili, wala hatua hizo mbili zisichanganywe. Hatua ya kwanza ni tangini, ambako makusudi ni kuyafanya yavutike na pampu tu. Kwa aina ya sentistoki 180, nyuzi 40 hadi 50 zatosha. Tangi lina hewa juu ya mafuta, na mafuta yakipashwa kupita kiasi hutoa mvuke uwezao kushika moto ukikutana na cheche. Kiwango cha kushika moto cha mafuta mazito kwa kawaida hakipungui nyuzi 60, na kanuni njema ni kubaki walau nyuzi 10 chini ya kiwango kilichoandikwa katika cheti cha mafuta yenyewe. Hatua ya pili ni katika kipasha joto kilicho karibu na kichomeo. Hapo mafuta yamefungwa bombani, yana shinikizo na hayana hewa, ndiyo maana yaweza kupandishwa juu zaidi bila hatari ile ya tangini. Vichomeo vingi vya kunyunyiza kwa shinikizo hutaka mnato wa sentistoki 15 hadi 20. Aina ya 180 hufika huko kati ya nyuzi 108 na 120. Aina ya 380, iliyo nzito zaidi, hudai kiasi cha nyuzi 122 hadi 135. Kitabu cha kichomeo ndicho chenye neno la mwisho. Dizeli haihitaji kupashwa kabisa, na akiipasha mtu kama mafuta mazito, anatafuta ajali.

Kupita kiasi nako ni kosa. Mafuta yakizidi joto huganda kuwa makaa ndani ya kipasha joto, na yakiwa na maji ndani yake, maji huchemka na kukata mfululizo wa mafuta, moto ukazimika na kuwaka kwa vishindo. Kila asubuhi fundi afungue vali ya chini ya tangi na kuyatoa maji yaliyotuama. Moto ukizimika, tanuri lipulizwe hewa kwanza, kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, kabla ya kuwasha tena. Mafuta yaliyonyunyizwa bila kuwaka huwa yangali humo.

Bodi inayonunua boila ya maji ya moto iangalie jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji upesi. Boila ya mvuke yaweza kupasha mafuta yake kwa mvuke wake yenyewe, kwani mvuke wa shinikizo la bari 5 katika geji una nyuzi 159 hivi. Maji ya nyuzi 85 hayawezi kamwe kuyafikisha mafuta nyuzi 110. Boila ya namna hiyo itategemea kipasha joto cha umeme siku zote, na gharama ya umeme huo iwekwe katika makadirio tangu mwanzo. Hata boila ya mvuke huhitaji kipasha joto kidogo cha umeme cha kuanzia, maana asubuhi mvuke haujapatikana. Kifungwe kwa namna ambayo pampu ikisimama, nacho kizimike. La sivyo mafuta yaliyosimama ndani yake yatapikwa hadi yawe makaa.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mafuta yaliyo bombani hupoa na kuganda. Mabomba yafunikwe vizuri kuzuia joto lisipotee, na kabla ya kusimamisha mtambo kwa siku nyingi, yapitishiwe dizeli kidogo. Tukumbuke kwamba korosho hununuliwa zaidi Oktoba hadi Desemba, lakini kiwanda huendelea kubangua akiba hata Juni na Julai, miezi yetu ya baridi. Kipimo kilichofaa Desemba kitazamwe upya, hasa tangini.

Maji yatokayo katika kipasha joto cha mvuke baada ya mvuke kupoa yasirudishwe ovyo katika boila. Mrija ukitoboka, mafuta huingia katika maji hayo, yakaenda kupaka utando ndani ya boila, na chuma kilicho chini ya utando huo hupata joto kali hata kikapinda. Yapitishwe kwanza katika pipa la wazi ambamo mafuta yataonekana yakielea. Vinginevyo yamwagwe, lakini katika shimo la kutenga mafuta, mbali na kisima.

Wapo watakaouliza habari za mafuta ya maganda ya korosho, ambayo nayo ni mazito na yana joto zuri. Hayo yana tabia yake. Yakiwa ghafi, asidi iliyomo huvunjika kwa joto na kutoa gesi, mafuta yakafura povu. Yakikaa motoni muda mrefu huzidi kuwa mazito hata kunata. Na ngozi ya mikono huyajua vizuri. Yasichanganywe katika tangi la mafuta mazito kabla mtengenezaji wa kichomeo hajakubali kwa maandishi.

Mkaguzi akifika kiwandani huomba daftari la boila pamoja na daftari la stoo. Daftari la boila liwe na tarehe, lita zilizotumika, joto la tangi, joto la mafuta kabla ya kichomeo, joto la moshi na kilo za korosho zilizopikwa. Lori jipya la mafuta likiingia, nambari ya cheti chake iandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na mnato wake na kiwango chake cha kushika moto. Lita zikipanda huku kilo zikibaki pale pale, safu ya joto la moshi ndiyo ya kusomwa kwanza, kabla ya kumshuku mtunza stoo.