NARDO HALISI AU FEKI?

Kijana mwenzangu, kaka au dada, uliyeshika karatasi hii: pengine umejipulizia pafyumu kabla ya kutoka nyumbani. Kunukia vizuri si dhambi! Lakini hebu jiulize, harufu ile imetoka wapi? Leo tujifunze habari za nardo, manukato yaliyotajwa katika Biblia.

1. INATOKA WAPI?

Nardo ni mmea mdogo wa milima ya Himalaya, huko Nepal, India, Bhutan na China. Huota kwenye baridi kali, kati ya mita 3,000 na 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mlima Meru wa Arusha una mita 4,566, basi pima mwenyewe!

Una maua mazuri ya rangi ya waridi, lakini manukato hayatoki kwenye maua. Yako chini ya udongo, kwenye mzizi wenye nyuzi kama nywele. Ni lazima uchimbwe, ukaushwe, upondwe. Siku hizi mafuta yake hutolewa kwa mvuke, na kilo 100 za mizizi hutoa kama kilo 1 au 2 tu. Harufu yake ni nzito, kama udongo mbichi na mbao. Zamani waliichanganya na mafuta, manemane na zeri.

2. FEKI HAIKUANZA LEO

Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba ratli moja ya masuke ya nardo iliuzwa dinari 100. Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima (Mathayo 20:2). Kwa bei hiyo, wajanja wangekosaje? Plinio anasema walichakachua kwa mmea mwingine ulioitwa nardo bandia, ambao uliota kila mahali.

Umeona hapo? Halisi inafuatwa milimani. Feki inaokotwa popote.

3. ALIYEMIMINA YOTE

Sasa twende Bethania, karibu na Yerusalemu. Yesu yuko mezani, siku chache kabla ya kusulubiwa. Mariamu, dada yake Lazaro, anaingia na ratli ya nardo safi, kama gramu 300 na ushee. Marko anasema chombo kilivunjwa. Hakikufunguliwa ili kingine kibaki. Yohana anasema nyumba nzima ilijaa harufu.

Yuda akang'aka: kwa nini isiuzwe dinari 300, maskini wakapewa? Piga hesabu: ukitoa siku za Sabato, hizo ni karibu mshahara wa mwaka mzima! Lakini Yesu alimtetea yule dada. Alisema amefanya jambo jema, ameuandaa mwili wake kwa maziko. (Soma mwenyewe Marko 14:3-9 na Yohana 12:1-8.)

4. NA WEWE JE?

Rafiki, pafyumu inafunika jasho, hailiondoi. Wako vijana wanaonukia disko nzima, wanacheka na washikaji, kumbe usiku wakibaki peke yao ni machozi. Harufu iko kwenye shati, haiko kwenye mzizi. Yesu hakuja kukupulizia dini kwa juu juu. Yeye anaanzia kwenye mzizi, yaani moyoni.

Tena, wewe nawe unamimina. Mwingine amemimina miaka yake kwenye pombe. Mwingine amemmiminia mpenzi ambaye leo hata jina lake halitaji. Mwaka wako huu unammiminia nani?

Nardo yenyewe imechimbwa mno, na sasa iko hatarini kabisa kutoweka. Tangu mwaka 1997 biashara yake inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa CITES. Kitu cha thamani kinaweza kuisha! Ujana nao ni hivyo hivyo. Usingoje chombo kibaki kitupu ndipo umletee Yesu.

Kama umeguswa, sema naye hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, nimechoka na maisha ya bandia. Nisamehe dhambi zangu. Ingia mpaka kwenye mzizi wa moyo wangu, unifanye kuwa halisi. Ujana wangu ninaumimina kwako. Amina."

Umeomba kwa moyo? Usiende zako kimya kimya. Mwambie aliyekupa karatasi hii, mwombe pamoja.