Mkamaji na Ng'ombe Wake

Katika nyanda za juu za Kenya, pande za Nakuru, yako mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Katika shamba lisilo na mashine, mkamaji huamka saa kumi za usiku, baridi ikiwa kali, akachukua taa na ndoo akaenda zizini. Ng'ombe si mali yake; ni wa mwenye shamba, naye hupewa mshahara wa mwezi. Walakini ukimwuliza, "Yule ni ng'ombe wa nani?" aghalabu hujibu, "Ni wangu."

Jibu hilo si majivuno matupu. Mkamaji ndiye ajuaye yupi hupiga teke akiguswa chuchu ya nyuma, na yupi hatulii mpaka asemeshwe. Tena ajua ya kuwa ng'ombe akipigwa huyazuia maziwa. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Marekani, Ely na Petersen, walieleza sababu. Kiwele kikioshwa kwa upole, ubongo hutia katika damu kitu kiitwacho oksitosini, nacho hushusha maziwa; bali ng'ombe akitishwa, damu hupata kitu kingine, adrenalini, kinachopinga kazi ile. Na mwaka 2009 wataalamu wa Newcastle, Uingereza, walitangaza waliyoyapata kwa kuwauliza wafugaji 516 wa nchi hiyo. Mashamba ambayo ng'ombe waliitwa kwa majina yao yalipata lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe katika kipindi kimoja cha kukamwa. Jina peke yake halitoi maziwa, lakini mtu ampaye ng'ombe jina hamchapi ovyo.

Iko siku moja ambayo wakamaji hawapendi kuitaja. Ng'ombe akizeeka, asishike mimba tena, huuzwa kwa mchinjaji. Gari likifika, mkamaji ndiye huambiwa amlete, maana ng'ombe hamfuati mgeni. Basi humwita kwa jina, naye huja upesi, kama ajavyo saa ya kukamwa. Wako wanaoomba siku hiyo watumwe mbali kukata majani. Wengine hukubali kumpeleka, wakisema ni afadhali kamba ishikwe na mkono anaoujua. Kisha hurudi zizini kimya, wala hapana awasemeshaye.

Jioni mtamba hufungwa mahali palepale. Hajazoea ndoo, hurukaruka. Mkamaji humpapasa mgongo, akaanza kumtafutia jina.