Lenzi, Paneli na Bei: Somo la Nguvu za Jua

Shabaha: Mwisho wa kipindi watoto waweze kueleza kwa nini chombo chenye ufanisi mkubwa huenda kisiwe nafuu.

Hatua ya 1. Nje ya darasa, kusanya miali ya jua kwa lenzi juu ya karatasi. Wingu lipitapo, nukta kali hutoweka, ingawa mwanga ungalipo. Waonye wasitazame jua kwa lenzi.

Hatua ya 2. Eleza kuwa iko mitambo ikusanyayo miali hivyo juu ya seli ndogo. Mwaka 2022, taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilipima seli iliyogeuza asilimia 47.6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli za kawaida hufikia kama 20.

Hatua ya 3. Tuchukulie mita ya mraba hupata wati 1,000. Shule ya Handeni ihitajiyo wati 600 yataka mita 3 za mraba za paneli. Kwa mtambo wa lenzi wa asilimia 30, mita 2. Lakini lenzi sharti zigeuzwe kulifuata jua, na mawingu ya Usambara yakitanda Korogwe, hazifai. Paneli huendelea kidogo. Tena, bei ya paneli ilishuka mno baada ya 2010.

Zoezi: Paa lina nafasi tele, fedha ni haba. Kijiji kinunue kipi? Watoto watoe sababu.