Jua Haki Zako: Jaruba la Shemeji Huko Lombok

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi Muscat, ameniletea swali ambalo vijana wetu walioko Ghuba wameanza kuliuliza mara kwa mara. Ameoa Mwindonesia aliyekutana naye kazini. Kwao mke ni kijijini, Lombok ya mashariki, kwenye mpunga na tumbaku, na msomaji wetu, mkataba wake wa kazi ukiisha, anataka wakaishi huko. Juzi shemeji yake kapiga simu: kuna jaruba la nusu hekta linauzwa, bei ya kindugu, tuma hela tuliandike kwa jina langu, wewe si mtu wa nje. Je, atume?

Asitume.

Mswahili akisikia maneno ya ardhi ya Indonesia hujiona yuko barazani kwao. Hak ni haki, milik ni miliki, waris ni warithi, hibah ni hiba, wakaf ni wakfu. Yote yametoka Uarabuni, yao na yetu. Ila sheria iliyojengwa juu ya maneno hayo ni ya kwao, na ni kali. Sheria ya Msingi ya Ardhi, Namba 5 ya mwaka 1960, inasema katika Kifungu cha 21 kwamba hak milik, yaani umiliki kamili usio na ukomo, ni wa raia wa Indonesia peke yao. Kifungu cha 26 kinakwenda mbali zaidi: njia yoyote ya kumpitishia mgeni umiliki huo, iwe ya wazi au ya kuzungukazunguka, ni batili, ardhi inarudi serikalini na fedha zilizolipwa hazidaiwi tena. Mpango anaoutaja shemeji una jina lake huko, pinjam nama, kuazima jina. Shemeji akikugeuka, hakimu hana cha kukurudishia. Asipokugeuka, siku akifa wanawe watagawana jaruba na wewe hutakuwamo.

Wala tusiwaone wachoyo. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Katiba ya Kenya, Ibara ya 65, inamwishia mgeni kwenye ukodishaji usiozidi miaka 99.

Utasema basi, anunue mke wangu, yeye ni raia. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Sheria ya Ndoa ya Indonesia, Namba 1 ya 1974, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Mkeo akinunua shamba leo, nusu yake inahesabiwa yako, na wewe huruhusiwi. Wanawake wengi walioolewa na wageni walikataliwa kununua kwa sababu hiyo. Mmoja wao, Ike Farida, mwenye mume Mjapani, alizuiwa kupata fleti aliyoinunua Jakarta, akaipeleka kesi hadi Mahakama ya Katiba. Uamuzi ulisomwa tarehe 27 Oktoba 2016: mkataba wa kutenganisha mali, ambao zamani ulipaswa kufanywa kabla ya ndoa au siku yenyewe, sasa unaweza kuandikwa hata wakati ndoa ikiendelea. Unaandikwa mbele ya notaris, kisha unasajiliwa palipo na kumbukumbu za ndoa. Kwa Waislamu ni ofisi ya mambo ya dini, KUA.

Kwa hiyo kabla ya karatasi ya shamba kuna karatasi ya ndoa. Mmefungia wapi? Ndoa iliyofungwa nje ya Indonesia inatakiwa kuandikishwa ndani ya mwaka mmoja tangu mrudi huko. Kama ilikuwa ya shehe na mashahidi wawili sebuleni, bila kuandikishwa popote, wao huiita nikah siri, na neno hilo sina haja ya kukutafsiria. Mbele ya Mungu ni mume na mke, lakini kwa ofisi ya uhamiaji na ofisi ya ardhi wewe ni mgeni wa kawaida tu.

Kuna njia iliyo nyepesi kuliko zote, na ajabu ni kwamba watu huiruka. Mali ya urithi au ya hiba haichanganywi na mali ya ndoa, labda wenyewe mwamue. Baba mkwe akimpa binti yake kipande cha shamba la ukoo kwa hiba, kikaandikwa vizuri, ni chake mkeo. Mahali pa kujenga mmeshapata, na hela za Muscat zinabaki kwa ajili ya saruji.

Na nyumba hiyo? Sheria yao inatenganisha ardhi na kilichosimama juu yake. Mgeni mwenye kibali cha kuishi Indonesia anaweza kukodi kiwanja cha kujengea, au kupewa hak pakai, haki ya kutumia, juu ya ardhi ya mtu kwa muda usiozidi miaka 30, kwa hati ya afisa wa hati za ardhi aitwaye PPAT. Kijijini ambako hakuna PPAT, kazi hiyo huweza kufanywa na camat, mkuu wa tarafa. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kushuhudia mengi, ila mhuri wake peke yake hauhamishi umiliki.

Sasa tuliangalie lile jaruba lenyewe, maana hata ungekuwa raia ningekuuliza maswali. Kwanza, lina sertifikat ya ofisi ya ardhi, BPN, au lina girik? Girik ni karatasi ya kodi ya zamani. Kanuni ya Serikali Namba 18 ya 2021 ilizipa karatasi za namna hiyo miaka mitano, hadi tarehe 2 Februari 2026, ziwe zimesajiliwa. Baada ya hapo si uthibitisho wa umiliki, ni kidokezo tu cha kuanzia usajili. Stakabadhi ya kodi ya kila mwaka nayo haithibitishi kitu zaidi ya kwamba mtu alilipa kodi. Serikali imekuwa ikipima vijiji kwa jumla tangu 2017 kupitia mpango wa PTSL, na gharama za maandalizi kwa mkoa wa Nusa Tenggara Barat, ambao Lombok imo, ziliwekwa rupia 350,000. Muuzaji ambaye hakuutumia mpango huo aeleze kwa nini.

Pili, liko rehani? Vijijini Lombok watu huweka mashamba rehani wakitafuta nauli ya kwenda kazini Malaysia, na aliyekopesha hulima mpaka deni lirudi. Sheria ya mwaka 1960 kuhusu ukubwa wa mashamba inasema rehani ya shamba iliyofika miaka saba inakwisha yenyewe: shamba linarudishwa kwa mwenyewe bila malipo, ndani ya mwezi mmoja baada ya mavuno. Wakwe zako huenda wana jaruba mikononi mwa mtu kwa miaka kumi na hawajui kwamba wanaweza kulichukua bure. Waulize.

Tatu, nani atalima? Kanuni Namba 224 ya 1961 inamtaka mwenye shamba la kilimo aishi tarafa lilipo shamba, au tarafa inayopakana nayo. Utekelezaji wake ni legelege, lakini mkeo akiendelea kukaa Muscat anamiliki kwa mashaka. Tazama pia maana yake sokoni: mgeni haruhusiwi kununua, wa mbali haruhusiwi kununua, basi mnunuzi wako wa kesho ni jirani. Madalali watakusimulia Mandalika, pwani ya kusini, na uwanja wa mbio za pikipiki uliofunguliwa 2021. Jaruba la bara haliko Mandalika. Thamani yake ni mpunga wake.

Limebaki neno la kifo, nalo ni lazima. Mkeo akitangulia, fungu lako la urithi lipo, ila hak milik utapaswa kuiachia ndani ya mwaka mmoja kwa kuiuza au kumpa anayestahili. Wanenu watakuwa na uraia wa nchi mbili mpaka miaka 18, kisha wachague kabla ya kutimiza 21. Na mwenye uraia wa pili, Kifungu kilekile cha 21 hakimruhusu kushika hak milik. Wewe mwenyewe ukiomba uraia baada ya kuishi huko miaka mitano mfululizo, wa Tanzania unauacha.

Shemeji mjibu kwa upole. Atume picha ya sertifikat, na mkeo akienda likizo aikague mwenyewe katika ofisi ya ardhi ya wilaya, Selong. Kama ni girik, jaruba lisubiri, nanyi mwende kwanza kwa notaris.