SOMO: MTOTO ALIYEUMIA ANAPOLETWA NYUMBANI



Katika mitaa yetu wamo watoto wengi wanaolelewa na bibi, shangazi au wajomba, kwa sababu wazazi wamefariki, au wametengana, au nyumba ilijaa vipigo. Twampokea mtoto wa namna hii kwa moyo mwema, twampa chakula, nguo na madaftari. Baada ya miezi michache malalamiko huanza: "Hana shukrani huyu. Anaficha ugali chini ya godoro. Ukimkumbatia, anakusukuma." Mwisho wake anafungiwa nguo zake na kupelekwa kwa ndugu mwingine. Somo hili laeleza kwa nini mtoto huwa hivyo, na kwa nini kumhamisha ni kutonesha kidonda.

1. Mtoto hujifunzaje kumwamini mtu?

Mwaka 1954 mtaalamu wa tabia za watoto, Mary Ainsworth, alifika Uganda. Alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akakaa nao na kuwatazama akina mama na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto anayetambaa humwacha mama yake akaenda kuchezea vitu, kisha hugeuka kumtazama au humrudia. Akiisha kuhakikisha kwamba mama yupo, huenda tena. Hakuwa na hofu, kwa kuwa alijua pa kurudi.

Basi, mtoto anayeitikiwa aliapo hujifunza mambo mawili: kwamba watu huaminika, na kwamba yeye mwenyewe ana thamani. Yule anayelia asiitikiwe, au anayepigwa na mtu yule yule anayemkimbilia, hujifunza kinyume chake.

2. Kwa nini jeraha hudumu?

Serikali ya Romania ilipoangushwa Desemba 1989, dunia iliona maelfu ya watoto waliojazwa katika makao ya serikali. Walezi walikuwa wachache na walipokezana zamu, hata mtoto hakuwa na mtu wa kumwita wake. Kuanzia mwaka 2000 wataalamu waliwafuatilia watoto 136 wa makao ya mji wa Bucharest. Nusu yao walichaguliwa kwa kura, wakapelekwa kulelewa katika familia. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili hivi ndio waliofaulu zaidi kushikamana na walezi wao. Hata waliochelewa walipata nafuu katika mambo kadhaa.

Hapa twaona kwamba chakula na paa havitoshi. Mtoto ahitaji mtu asiyebadilika.

Sasa tuutazame tena ule ugali chini ya godoro. Huo ni akiba ya mtu aliyewahi kulala njaa na asiyeamini kwamba kesho kutapikwa. Na yule anayekusukuma amejifunza kwamba wapendwao huondoka. Aona heri akufukuze yeye kwanza. Ukimhamisha, umemthibitishia kwamba alifikiri sawa. Mambo haya aweza kuyachukua hata utu uzimani: mume akichelewa kidogo, mke hushikwa na hofu ya kuachwa, au baba hawezi kumbeba mwanawe, kwa sababu yeye hakubebwa.

3. Yatupasa kufanya nini?

(a) Tusimtishe kamwe kwa maneno "nitakurudisha kwenu." Kwake hilo si onyo dogo, ndilo jambo analoliogopa usiku na mchana.

(b) Mlezi mmoja awe ndiye mtu wake hasa. Akisafiri, amwage mtoto waziwazi na kumtajia siku ya kurudi. Asimtoroke akiwa usingizini.

(c) Chakula kiwe kwa saa zinazojulikana. Akificha kipande, tusimwaibishe mbele ya wenzake.

(d) Tumwambie ukweli juu ya wazazi wake, kwa maneno ya umri wake. Kumwambia "mama amesafiri" ni kumfanya angoje mlangoni.

(e) Wengine husema samaki mkunje angali mbichi, wakashika fimbo. Lakini mtoto huyu amekwisha kukunjwa na mikono mingine. Kazi yetu ni kumkunjua polepole. Akanywe, ndiyo, ila kwa sauti ya utulivu, na baada ya kukanywa ale pamoja na wengine.

(f) Akiwa anajiumiza, au halali, au hasemi kabisa, tumpeleke hospitali tukaulizie huduma ya afya ya akili. Si haya.

Mlezi naye huchoka. Jirani akiomba kupumzika siku moja, tumsaidie nyumbani kwake, mtoto asihamishwe.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Je, katika mtaa wetu yupo mtoto aliyekwisha kupitia nyumba tatu au zaidi? Nani aweza kuwa mtu wake wa kudumu?
2. Ni maneno gani tunayowaambia watoto tuliowapokea, ambayo hatungewaambia tuliowazaa?
3. Mlezi wake tutamsaidiaje mwezi huu?